Uchambuzi wa kisa: siku modeli yetu ilipohesabu maswali ya wazazi kama kupinga chanjo

Kisa hiki nilikuwemo ndani yake mwanzo mpaka mwisho. Nimetoa jina la shirika, nchi, mtandao wenyewe na tarehe, na komenti zote nimezigeuza maneno kidogo ila maana imebaki ileile, kwa sababu komenti ya mtu ukiibandika neno kwa neno mahali, yeyote akiitafuta anampata mwenyewe ndani ya dakika moja, na hawa walikuwa wazazi wanaongelea miili ya mabinti zao. Naandikia watu wa data wanaopewa kazi za afya na watu wa afya wanaoletewa grafu na watu wa data, maana kosa lenyewe lilikaa katikati yetu.

## Usuli

Shirika lilikuwa linasaidia kampeni ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, HPV ni kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, chanjo yake ya kwanza iliidhinishwa 2006, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaweka lengo kwamba ikifika 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla hawajatimiza miaka 15. Ni chanjo nzuri sana, hilo nalisema wazi kabisa. Lakini ni chanjo yenye mzigo, inatolewa kwa wasichana, inahusu kizazi, inatolewa kabla mtoto hajaanza mambo ya kikubwa, kwa hiyo neno "ugumba" halichelewi kufika.

Na watu wa shirika walikuwa na sababu ya kuogopa. Japani mwezi Juni 2013 serikali iliacha kuihimiza chanjo hii baada ya habari za madhara kusambaa, na wasichana wanaochanjwa wakashuka kutoka karibu asilimia 70 mpaka chini ya asilimia 1, halafu uhimizaji haukurudi mpaka Aprili 2022. Mwaka 2014 kwenye mji wa Carmen de Bolívar huko Colombia mamia ya wasichana walizimia na kupata ganzi, video zao zikazunguka, uchunguzi haukukuta kosa lolote kwenye chanjo lakini imani ya wazazi ilikuwa imeshaondoka. Kwa hiyo mtu akikuambia anataka kujua mapema watu wanasema nini mtandaoni, usimwone mwoga.

Ombi lenyewe lilikuwa fupi: dashibodi inayoonyesha kila asubuhi asilimia ngapi wanaunga mkono chanjo, ngapi wanapinga, ngapi wako katikati. Sisi tulikuwa wanne na tulikuwa na wiki sita. Wazo si geni, mwaka 2011 Marcel Salathé na Shashank Khandelwal walishaonyesha kwamba hisia za watu wa Twitter juu ya chanjo ya mafua ya H1N1 zinaweza kupimwa kwa modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, na zikaendana na takwimu za waliochanjwa. Tulijua pia habari ya Google Flu Trends, iliyoanza 2008 kukadiria mafua kutokana na vitu watu wanavyotafuta, ikaja kukadiria juu mno msimu wa 2012 hadi 2013, na 2015 ikaacha kutoa makadirio. Tuliijua vizuri tu, tukaendelea.

## Tulivyokusanya na kufundisha

Data ya bure ilishakuwa ngumu. Twitter ilitangaza kufunga njia ya bure ya kuchukua posti Februari 2023, na CrowdTangle waliyokuwa wanaitumia wengi kufuatilia Facebook ikazimwa Agosti 2024, kwa hiyo tulibaki na komenti za wazi chini ya kurasa za shirika na za wadau waliokubali kwa maandishi. WhatsApp hatukugusa. Mle ndimo maongezi mengi ya familia yalipo, lakini ni nyumbani kwa watu, huingii bila kubisha hodi.

Tukaanza kuchuja kwa maneno. Hapo Kiswahili kikatufundisha adabu. Ukikusanya kila kitu chenye "chanj" unapata chanjo, kuchanjwa, wamechanja, lakini unapata pia timu inayochanja mbuga kuelekea ubingwa na mzee anayechanja kuni. "Dozi" ndiyo ilikuwa balaa, mechi za wikendi zikichezwa kila aliyefungwa manne amepewa dozi, na kuna Jumatatu moja ya majaribio grafu ilionyesha watu wamekasirika vibaya juu ya dozi, kumbe ni mashabiki. Tukaongeza kichujio cha pili cha kusoma maneno ya jirani, ikatulia.

Modeli ya kwanza kabisa tulitafsiri komenti kwenda Kiingereza kisha tukaipitisha kwenye kifaa cha kupima hisia. Ilikuwa haraka, ndiyo sababu pekee. Komenti ya kwanza niliyoifungua kuangalia ilisema hivi: "Inaniuma nikikumbuka mama alivyoteseka na saratani ya kizazi, mimi wangu lazima achanjwe." Kifaa kikaandika hasi. Na kwa kweli hisia ni hasi, mtu ana uchungu, anamkumbuka mama yake. Lakini msimamo wake juu ya chanjo hauwezi kuwa wazi zaidi ya hapo. Hisia na msimamo ni vitu viwili na sisi tulikuwa tunapima kimoja tukiandika jina la kingine.

Tukaacha tafsiri. Mwenzetu mmoja akajenga modeli nyepesi ya kuhesabu maneno, na ili vitenzi visizidi wingi akaandika programu ndogo ya kukata viambishi ili kila kitenzi kirudi kwenye mzizi wake. Idadi ya maneno ikapungua sana, kila mtu akafurahi. Nikafungua faili la matokeo kukagua, nikashuka nalo mstari kwa mstari, nikakuta "nitamchanja" imekuwa "chanj", chini yake "sitamchanja" imekuwa "chanj", na chini tena "sijamchanja" nayo "chanj". Sisi ukanushi wetu hatuuweki pembeni kama neno la kujitegemea, unakaa mwanzoni mwa kitenzi, ile "si" na ile "ha" ndizo zenye habari yote, na programu ilikuwa imezikata na kuzitupa. Halafu angalia, "sitamchanja" na "sijamchanja" nazo sio ndugu. Wa kwanza amekataa. Wa pili bado tu, pengine hajui kituo kiko wapi au anasubiri shule ifungue, na ukimweka kapu moja na aliyekataa umemkosea.

Ile nayo tukaiacha, tukahamia XLM-R, modeli iliyotoka 2019 na kufundishwa kwa maandishi ya lugha 100, Kiswahili kimo. Hii inavunja maneno vipande kwa takwimu zake yenyewe bila kutupa kitu. Tukaiongezea data ya AfriSenti ya 2023, ambayo ni posti za Twitter zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika zilizowekewa lebo, yaani alama ya hisia yake, na wazawa wa lugha hizo, kisha tukaja na data yetu wenyewe: watu watatu wa kulebo, lebo tatu, chanya, hasi, katikati.

Mwongozo wa kulebo niliuandika mimi, ukurasa mmoja. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: "Komenti inayoonyesha mashaka juu ya chanjo iwekwe hasi." Nilifikiria sekunde kumi hivi nilipoiandika. Wiki zote zilizofuata zilikaa juu ya hiyo sentensi.

Tukapima, usahihi ukatoka mzuri, tukaweka namba kwenye ripoti. Ambaye hajui mtego ulipo ni huu: kwenye komenti 100, kama wanaopinga ni 7 tu, modeli inayosema "hapingi" kwa kila mtu bila kusoma chochote inapata usahihi wa asilimia 93. Tulijua hili, kwa hiyo tuliangalia F1 ya kila lebo pia, kipimo kinachounganisha modeli imekamata wangapi wa lebo hiyo na ikiitaja inapatia mara ngapi, na lebo ya hasi ilikuwa dhaifu kuliko zote. Tuliitaja. Tuliitaja kwenye ukurasa wa 11.

## Wiki ya kampeni

Siku mbili za kwanza kimya. Siku ya tatu mstari mwekundu, ule wa wanaopinga, ukapanda, mchana ukapanda tena, jioni ulikuwa umezidi mara mbili ya ulivyokuwa kabla ya kampeni. Tukatuma tahadhari kama tulivyokubaliana. Kichwa cha barua kilisema upinzani unakua kwa kasi.

Shirika likafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiambiwa hivyo. Usiku uleule ikatoka posti yenye maandishi makubwa inayosema wananchi wapuuze uzushi na kwamba wanaopotosha watachukuliwa hatua. Asubuhi yake tukaombwa tutoe orodha ya akaunti zinazoongoza kwa "upotoshaji".

Hatukutoa. Tulijibu kwamba majina ya akaunti tuliyafuta siku ya kukusanya, na ni kweli tulikuwa tumeyafuta, ila nataka ieleweke kwamba hata kama tungekuwa nayo tusingetoa. Modeli iliyokuwa inakosea kiasi kile, ukiipa majina ya watu, mtu mmoja atakuja kugongewa mlango kwa sababu ya kosa la hesabu.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo. Komenti zikapungua. Siku ya nne nusu, siku ya tano chini ya hapo, na mstari mwekundu ukashuka, tukapongezwa kwenye kikao, mimi mwenyewe nikaandika kwamba ujumbe wa shirika "umefanya kazi". Watu walikuwa wamenyamaza tu. Dashibodi haikuwa na rangi ya mtu aliyenyamaza.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi mmoja wa shirika, kila mtu alimwita Sista, kazi yake ilikuwa kujibu komenti kwenye ukurasa. Aliona posti ya vitisho, akaona watu aliokuwa anaongea nao vizuri hawarudi tena, akaomba tumpe komenti 200 zilizowekwa hasi na modeli. Akazisoma zote usiku mmoja kwa simu yake. Asubuhi akapiga, hakusalimia hata, akasema: "Jamani hawa hawapingi. Hawa wanauliza."

Tukazichapisha kwenye karatasi, tukazikata vipande, tukazitandaza mezani. Ukiziona hivyo huwezi kujizuia. "Mbona mwanzo mlisema dozi mbili, leo mnasema moja, ipi sasa?" "Samahani daktari, binti yangu ameshavunja ungo, bado anafaa au tumechelewa?" "Wangu ana selimundu, hii sindano haitamletea shida?" "Leo ameamka na mafua, apelekwe au asubiri?" "Kwani wavulana hicho kirusi hakiwapati, mbona wasichana tu?" "Mama mwenzangu hapo juu umesema mwanao alivimba mkono, ulikaa siku ngapi?" Ilikuwa imefika saa nne na mafungu mezani yalikuwa hivi: maswali yamejaa meza, habari za usumbufu wa kufika kituoni fungu la wastani, kejeli fungu dogo, na wale wanaopinga kabisa fungu lao lilienea kwenye kiganja.

Na maswali yote yale yalikuwa na majibu. Lile la dozi ndilo limenikaa. WHO mwisho wa 2022 ilisema dozi moja inaweza kutumika kwa wasichana badala ya mbili, na mwaka huohuo utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha dozi moja inakinga kwa asilimia 97.5 maambukizi sugu ya HPV aina ya 16 na 18 kwa miezi 18 iliyofuatiliwa, na hizo aina mbili ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mzazi aliona tangazo la zamani na tangazo jipya havifanani, akauliza. Yaani huyu ni mzazi makini kuliko kawaida, anasoma matangazo na kuyalinganisha. Modeli ikamwandika mpinzani, na shirika likamjibu kwa kumtishia.

Tukaangalia na lile ongezeko la siku ya tatu lilitoka wapi. Kulikuwa na klipu ya wasichana wawili wamekaa chini wakipepewa baada ya sindano, haijulikani ya wapi wala ya lini, ikiambatana na aya moja iliyonakiliwa na kubandikwa kila mahali. Kuzimia baada ya sindano kwa vijana kunatokea, mara nyingi ni woga na presha kushuka ghafla, ndiyo maana wanashauriwa kukaa dakika 15 baada ya kuchomwa. Programu yetu ilifuta nakala zilizofanana kabisa, lakini ukiongeza nukta moja au emoji moja tayari ni komenti mpya kwake. Aya moja ya mtu mmoja ikahesabiwa kama maoni ya umati.

## Maamuzi tuliyofanya na kwa nini

Kwanza tulizima dashibodi siku nne. Shirika halikupenda, kampeni inaendelea na wao wanabaki gizani, lakini tuliwaambia grafu hii kwa sasa inawadanganya kuliko kutokuwa nayo, na Sista akatusimamia kwenye kikao.

Pili tukavunja lebo. Badala ya chanya na hasi, kila komenti ikapata lebo mbili. Ya kwanza ni msimamo: anakubali, anakataa, haijulikani. Ya pili ni aina ya komenti: swali, simulizi ya aliyepitia, tetesi, kikwazo cha kufika, kejeli, au habari tu. Hatukubuni kutoka hewani, kikundi cha wataalamu wa WHO kilishasema 2014 kwamba kusitasita juu ya chanjo kunatokana na mambo matatu, imani, kutoona hatari ya ugonjwa, na urahisi wa kuipata, na wakaeleza wazi kwamba kusita ni pamoja na kuchelewa tu, sio lazima kukataa. Tungekuwa tumeisoma kabla ya kuandika mwongozo, ile sentensi isingeandikwa.

Kanuni ya swali ikawa kali: swali ni swali mpaka maneno yenyewe yaonyeshe kinyume. "Kwani hii chanjo inazuia nini?" ni swali. Mlebo mmoja alibisha sana, akasema toni yake ni ya dharau, na inawezekana kweli ni ya dharau, lakini tulikubaliana kwamba ukimjibu mwenye dharau kwa upole hupotezi kitu, na ukimtendea muulizaji kama adui unapoteza mzazi na binti yake.

Walebo watatu wakapimwa upya kwa kappa, kipimo alichotoa Jacob Cohen mwaka 1960 kinachoangalia watu wanakubaliana kiasi gani ukishatoa ile bahati ya kukubaliana bila kukusudia. Tulipima wawiliwawili. Mara ya kwanza tulikuwa tumeipima juujuu kwenye komenti rahisi. Safari hii tukaipima kwenye ngumu, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi tukae pamoja mchana mzima. Kuna komenti moja, "Sawa nyie tangulieni sisi tunakuja 😂😂", ilipata majibu matatu kwa watu watatu. Tuliiacha kwenye "haijulikani" na kejeli, tukaendelea.

Tatu ni hesabu, na hapa naomba mtu wa afya asiruke. Chukua mfano wa komenti 1,000 ambapo wanaokataa kweli ni 50. Modeli inawakamata asilimia 70, yaani 35. Kwa wale 950 wengine inakosea asilimia 10, yaani inawaita wapinzani watu 95 wasiohusika. Jumla dashibodi inaonyesha 130, asilimia 13, wakati ukweli ni asilimia 5. Na hiyo ni modeli ambayo wengi wataiona nzuri. Kundi likiwa dogo, makosa ya kundi kubwa yanalifunika. Watu wa magonjwa wanalijua hili kwenye vipimo vya maabara, Rogan na Gladen walitoa njia ya kulirekebisha 1978: unachukua asilimia iliyoonekana, unatoa kiwango cha kengele za uongo (ile asilimia 10 ya wasiohusika), unagawanya kwa tofauti kati ya kiwango cha kukamata na hicho cha kengele za uongo, yaani 13 kutoa 10 ni 3, ukigawa kwa 0.70 kutoa 0.10 unapata 5. Tukaanza kufanya hivyo kila siku kwa sampuli ndogo iliyosomwa na mtu, na tukaweka kiasi cha shaka kwenye grafu, mkanda mnene badala ya mstari mwembamba.

Nne, nakala zinazokaribiana zikawekwa fungu moja na kuhesabiwa mara moja, na pembeni tukaonyesha fungu hilo limebandikwa mara ngapi. Vyote viwili ni habari, ila habari tofauti.

Na mwisho tukabadilisha kinachotumwa asubuhi. Asilimia ikashuka chini ya ukurasa. Juu yakawekwa maswali matano yaliyoulizwa zaidi jana, kwa maneno ya watu wenyewe yaliyogeuzwa kidogo.

## Matokeo

Sista na wenzake wawili wakaanza kujibu kutoka kwenye ile orodha. Posti ya vitisho ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa posti fupi inayosema tumeona mnauliza kuhusu dozi moja na mbili, maelezo ni haya. Chini yake komenti zikarudi, sio zote, na nyingi zilikuwa maswali mapya, kitu ambacho kwa dashibodi ya zamani kingepandisha mstari mwekundu mpaka juu.

Jambo moja lilitushangaza, fungu la vikwazo. Wazazi wengi waliandika kwamba timu ilikuja shuleni siku mtoto hayupo na hawajui aende wapi. Hao wote walikuwa wamewekwa hasi kwa sababu waliandika kwa hasira. Shirika likapeleka taarifa kwa waratibu na siku za marudio zikatangazwa kwa jina la kituo.

Siwezi kudai kwamba idadi ya waliochanjwa ilipanda kwa sababu yetu. Kampeni ilikuwa na redio, walimu, viongozi wa dini, wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba, na sisi tulikuwa tunaangalia kipande cha watu wenye simu, bando na tabia ya kukomenti.

## Uchambuzi

Kosa kubwa halikuwa la modeli. XLM-R ilijifunza kile tulichoifundisha, na tuliifundisha kwamba mashaka ni uadui. Mashine ilirudia sentensi yangu mara maelfu, haraka, kwa grafu yenye rangi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kazi ya kulebo ni ya vibarua na wataalamu wabaki na modeli. Uamuzi mzito kuliko wote kwenye mradi ulikuwa kwenye ule ukurasa mmoja, na haukuonwa na mtu yeyote wa afya kabla haujatumika. Sista angeukamata siku ya kwanza. Alikuwa ameketi jengo hilohilo.

La pili ni ule ukurasa wa 11. Tulijua lebo ya hasi ni dhaifu, tuliandika, kisha tukatuma tahadhari iliyosimama juu ya lebo hiyohiyo. Kuandika kasoro kwenye ripoti hakukutosha, ilibidi kasoro iwe ndani ya grafu yenyewe mahali ambapo huwezi kuikwepa. Ule mkanda mnene ungekuwepo siku ya tatu, wangeona kwamba ongezeko lote linaweza kuwa kelele.

Kilichofanya kazi: kufuta majina mapema. Wakati ule lilionekana jambo la utaratibu tu, lakini siku ya shinikizo lilitupa jibu la sekunde moja. Kama ungekuwa uamuzi wa kufanya pale kikaoni, na mteja amekasirika, sijui kama wote wanne tungesimama.

Kilichofanya kazi pia ni karatasi mezani. Nimefanya kazi ya data miaka kadhaa na sijawahi kuona timu inaelewa kosa haraka kama asubuhi ile. Sasa kila mradi tunatenga nusu siku kila wiki, watu wa data na watu wa afya wanasoma komenti 100 pamoja kwa sauti, kabla ya kuangalia namba yoyote. Kwa sauti ni muhimu, kejeli ya Kiswahili inasikika kuliko inavyoonekana.

Kilichobaki kushindikana ni kingi. Kejeli modeli bado inaikosa, hasa ya pongezi, "hongereni sana kwa kutujali ghafla hivi". Lugha inayochanganywa, nusu Kiswahili nusu Kiingereza na maneno ya vijana ya mwezi huu, inaishusha. Video hatuzisomi kabisa, na ile klipu ya wasichana waliokuwa wanapepewa tuliijua kwa sababu tu watu waliiandikia chini. Sauti za WhatsApp zinapita pembeni yetu zote, na hapo hatujajaribu njia yoyote ya kiufundi. Tulichofanya ni kuwaomba wahudumu wa afya wa mitaani watuletee maswali wanayoulizwa, kwa mdomo au kwenye daftari, bila jina la mtu, na Sista anayaingiza kwenye orodha ya asubuhi pamoja na yale ya modeli. Wiki ya kwanza daftari zilileta swali ambalo halikuwemo kabisa kwenye komenti zetu: kama msichana ambaye tayari ni mjamzito aliyefika kuuliza anarudishwa, na akirudishwa anaambiwa arudi lini. Chanjo hii haipendekezwi kutolewa wakati wa ujauzito, anasubiri mpaka ajifungue. Hilo hakuna mtu angelikomenti hadharani kwa jina lake.